Haramia wa sinema na haramia wa kizimbani

Msomaji wa Tanga anauliza: "Natunga mswada wa filamu kuhusu baharia wa Pwani yetu aliyetekwa na maharamia wa Kisomali. Ili nijifunze nimetazama Captain Phillips na nyingine mbili tatu. Je, mambo huwa hivyo kweli? Na mbona haki ndani ya filamu hizi ni risasi ya mwanajeshi tu, hakimu haonekani? Nifuate nini, niache nini?"

Ndugu yangu, hongera kwa kuichagua habari hii, na hongera zaidi kwa kumweka baharia wa kwetu katikati yake. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hilo la hakimu ndilo filamu nyingi hulikimbia, nami linaniuma. Hakimu alikuwepo. Alikaa Mombasa, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwako, akasikiliza kesi za maharamia mwaka baada ya mwaka. Watengenezaji wa sinema wakubwa walipita mlangoni pake bila kuingia.

Tuanze na Captain Phillips, iliyotoka Oktoba 2013, Tom Hanks akiwa nahodha na Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, akiwa kiongozi wa watekaji. Tukio ni la kweli. Tarehe 8 Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama, ikiwa na mabaharia 20, ilikuwa njiani kuja Mombasa, na ndani ya shehena yake mlikuwamo chakula cha msaada. Vijana wanne wenye bunduki wakaipanda. Mabaharia wengi wakajificha sehemu ya mashine, wakafaulu kumkamata mtekaji mmoja, na mwishowe watekaji wakaondoka na nahodha ndani ya boti ya uokoaji iliyofunikwa. Tarehe 12 Aprili walenga shabaha wa Marekani, wakiwa juu ya manowari Bainbridge, waliwaua watatu kwa mpigo mmoja. Wa nne, Abduwali Muse, alikuwa ameshapanda manowari hiyo na jeraha la mkono. Akakamatwa.

Haya yote filamu inayafuata vizuri, na kuna mambo ambayo inayajua kuliko riwaya nyingi nilizosoma: namna boti ndogo ya faiba inavyorukaruka kwenye mawimbi ya meli kubwa, ngazi ya ndoano inavyotafuta pa kushika, na jinsi watu wanne waliokonda wanavyoweza kuisimamisha meli ndefu kuliko uwanja wa mpira kwa sababu tu wale waliomo ndani hawana silaha. Barkhad Abdi aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji wake, na ilikuwa stahili yake. Amemfanya mtekaji awe mtu mwenye njaa, mwenye wakubwa wanaomdai, na mwenye aibu mbele ya wenzake.

Sasa yaliyoachwa. La kwanza, baadhi ya mabaharia wa meli hiyo walifungua kesi mahakamani Marekani dhidi ya wenye meli, wakidai ilipitishwa karibu mno na pwani ya Somalia licha ya maonyo yaliyokwisha kutolewa. Filamu inayomfanya nahodha shujaa haikuwa na nafasi ya ugomvi huo. La pili ndilo linaligusa swali lako. Safari ya Muse mbele ya sheria imebanwa kwenye mstari mmoja wa maandishi mwishoni: amehukumiwa, yuko gerezani. Hebu tazama kilichomo ndani ya mstari huo. Alipofikishwa New York, jambo la kwanza lililobishaniwa lilikuwa umri wake. Baba yake alitoa ushahidi kwa simu kutoka Somalia akasema mwanawe ni mtoto wa miaka kumi na mitano. Jaji hakumwamini, akaamua kijana ashtakiwe kama mtu mzima. Mwaka 2010 alikiri mashtaka, na Februari 2011 akafungwa miaka 33 na miezi 9. Mzee aliyeko Somalia ameshika simu, anaulizwa mwanao alizaliwa lini, na jibu lake ndilo litakaloamua kijana ahukumiwe kama mtoto au kama mtu mzima. Mimi ningetoa nusu saa ya filamu kwa mzee huyo peke yake.

Kama hujaiona, tafuta filamu ya Denmark iitwayo Kapringen, ya mwaka 2012, iliyoandikwa na kuongozwa na Tobias Lindholm. Kwangu ndiyo bora kuliko zote juu ya habari hii. Hutaona meli ikitekwa. Unamwona mpishi wa meli akiendelea na kazi zake, kisha unahamishwa hadi ofisini Copenhagen ambako mkurugenzi anapokea habari. Kuanzia hapo filamu ni simu, kusubiri, kutajiana bei na kusubiri tena. Mkurugenzi huyo anataka kuzungumza mwenyewe, na mshauri wake anamwonya asipandishe bei haraka, maana akipandisha haraka watekaji wataona fedha zipo nyingi. Mshauri huyo hakuwa mwigizaji wa kazi. Majadiliano ya namna hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kweli. Ndiyo maana mazungumzo yale yanasikika kama ya watu wanaopatana bei ya mali, na baharia anayeoza jikoni ndiye mali yenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui, na wewe hasa yakupasa ulijue. Meli iliyotumiwa kupigia filamu hiyo, MV Rozen, iliwahi kutekwa kweli. Februari 2007, baada ya kupeleka chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huko Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia, ilikamatwa ikiwa na mabaharia kumi na wawili: Wakenya sita na Wasri Lanka sita. Waliachiliwa Aprili mwaka huo. Meli ileile iliyowafunga vijana wetu ikageuzwa jukwaa la kusimulia mateso ya mpishi wa Kidenmark. Silaumu filamu, Lindholm alisimulia habari za watu wake, kwa kuwa meli za Denmark nazo zilitekwa, Danica White mwaka 2007 na CEC Future mwaka 2008. Ninachosema ni kwamba hadithi ya wale sita bado inamsubiri mtu.

Na ipo iliyotangulia. Juni 2005 meli ya MV Semlow iliyokuwa ikifanya kazi kutokea Mombasa ilitekwa ikiwa na tani 850 za mchele kwa ajili ya Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Nahodha alikuwa Msri Lanka, mabaharia wanane walikuwa Wakenya, na mmoja Mtanzania. Walishikiliwa kama siku mia moja. Hakukuwa na manowari iliyokuja mbio, wala walenga shabaha. Waliokuwa wakihangaika ni wakala wa meli, chama cha kuwasaidia mabaharia na jamaa zao. Ukitaka mfano wa baharia wako, usiende Hollywood. Anza na watu kumi wa Semlow.

Upande wa watekaji umejaribiwa pia. Fishing Without Nets ya Cutter Hodierne ilipata tuzo ya uongozaji kwenye tamasha la Sundance mwaka 2014. Ilipigwa Kenya, na Wasomali wasio waigizaji wa kazi ndio walioigiza. Inamfuata mvuvi anayeingizwa kwenye utekaji kwa sababu nyavu hazileti kitu. Itazame kwa ajili ya nyuso na lugha. Kwa upande wa sheria haina la kukufundisha.

Nije kwenye sheria yenyewe, nami nitajitahidi nisikuchoshe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 101, unaeleza uharamia kuwa ukatili, uzuiaji au uporaji unaofanywa kwa manufaa ya binafsi na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, kwenye bahari kuu au mahali pasipo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Ukiporwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani ya Tanzania, huo ni ujambazi wa silaha na ni shauri la Tanzania. Ukiporwa kwenye bahari kuu, kifungu cha 105 kinasema kila nchi yaweza kuwakamata maharamia, na mahakama za nchi hiyo zaweza kuwahukumu. Tia alama hapo: yaweza. Kifungu hicho hakiilazimishi nchi yoyote kuwashitaki. Na kwa kuwa kesi ni gharama na wafungwa ni mzigo, manowari nyingi za miaka ile ziliwakamata watuhumiwa, zikawanyang'anya silaha na ngazi, zikawapa mafuta ya kufikia nyumbani, zikawaacha waende. Kuna mahali walikamatwa asubuhi wakaachiliwa jioni, na wiki iliyofuata wakawa baharini tena.

Mara nyingine kuachiliwa kulikuwa na maana nyingine. Mei 2010 makomandoo wa Urusi waliikomboa meli ya mafuta ya Moscow University mashariki ya Ghuba ya Aden. Waliwakamata watekaji kumi. Kisha wakatangaza kwamba sheria haikuwaruhusu kuwashitaki, wakawatia kwenye boti ndogo isiyo na vifaa vya kuonyesha njia, mamia ya maili kutoka nchi kavu. Hawakuonekana tena. Hakuna hakimu aliyewahi kuwasikia. Tukio hili halikufanyiwa filamu kubwa, na nafikiri sababu ni kwamba mtazamaji asingejua ampigie nani makofi.

Kenya ndiyo iliyokubali kubeba mzigo huu mapema. Januari 2006 manowari ya Marekani Winston S. Churchill ililikamata jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat, lililokuwa mikononi mwa watekaji, na Wasomali kumi wakaletwa Mombasa. Novemba mwaka huo wakafungwa miaka saba kila mmoja. Baadaye zikaja hati za makubaliano: Uingereza mwishoni mwa 2008, Marekani Januari 2009, Umoja wa Ulaya Machi 2009. Watuhumiwa wakamiminika, hata wakapita mia. Aprili 2010 serikali ya Kenya ikasema mzigo umeizidi, ikatoa notisi ya kusitisha makubaliano. Juni mwaka huohuo mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa Shimo la Tewa, Mombasa, kwa msaada wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu. Ushelisheli nayo ikafungua milango yake, na baadhi ya waliofungwa huko wakarudishwa kumalizia vifungo Somaliland na Puntland.

Nataka ukae kidogo ndani ya chumba cha mahakama ya namna hii, kwa sababu hapa ndipo tamthilia ilipo. Kizimbani wamekaa vijana saba au tisa ambao hawajui Kiingereza wala Kiswahili. Mkalimani anageuza maneno ya hakimu kuwa Kisomali na kuyarudisha. Shahidi ni ofisa wa jeshi la majini aliyesafirishwa kutoka Ulaya, naye anaulizwa swali dogo tu: je, una hakika kwamba mtu huyu wa tatu kutoka kushoto ndiye uliyemwona juu ya boti, ukiwa umbali gani, na jua likiwa upande gani? Bunduki ziko wapi? Mara nyingi zilitupwa baharini, na watuhumiwa wenyewe au hata na waliowakamata, zikabaki picha. Mabaharia walioshambuliwa wako wapi? Meli iliendelea na safari, mmoja yuko Manila, mwingine Odessa. Na utetezi uliorudiwa katika kesi nyingi ni mmoja: sisi ni wavuvi. Upande wa mashtaka unauliza: nyavu ziko wapi, na ngazi ile ndefu ya ndoano ni ya kuvulia samaki gani? Upande wa utetezi nao unajibu kwamba katika bahari isiyo na serikali kila mvuvi hubeba bunduki. Hakuna aliye mjinga kati yao, na hakimu mmoja ndiye mwenye kuamua.

Halafu likazuka shauri lililowatikisa wanasheria wa bahari dunia nzima. Novemba 2010, katika maombi ya washtakiwa tisa, Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya kosa lililofanyika nje ya maji ya Kenya. Kanuni ya Adhabu ilitaja uharamia, lakini kifungu kingine cha kanuni hiyohiyo kiliibana mamlaka ya mahakama ndani ya mipaka ya nchi. Kwa miaka miwili kesi nyingi zilining'inia. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo, ikisema uharamia ni kosa ambalo nchi yoyote inaweza kulihukumu popote lilipofanyika baharini. Bunge lilikuwa limeshaziba pengo kwa makosa mapya kupitia Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009. Watu wengine walimtukana jaji kwamba anawatetea majambazi. Mimi namheshimu. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyeletwa kutoka mbali na kuwekwa mbele ya mahakama ya nchi asiyoijua ana haki ya kuulizwa kwa niaba yake: ni kwa sheria ipi unanihukumu?

Ujerumani ilipitia hayohayo mjini Hamburg. Wasomali kumi waliokamatwa na wanamaji wa Uholanzi kwenye meli ya Taipan mwaka 2010 walihukumiwa kwa karibu miaka miwili, umri wa baadhi yao ukabishaniwa na madaktari, na vifungo vikatoka kati ya miaka miwili na saba. Linganisha na 33 za New York. Kosa la aina moja, bahari moja, tofauti ni manowari ipi iliyokufikia kwanza.

Jambo la mkalimani nalirudia, kwa kuwa Kapringen inalo. Ndani yake yumo Omar, anayezungumza kwa niaba ya watekaji huku akishikilia kwamba yeye si haramia, ni mfasiri tu. Utadhani mtunzi amebuni. Mtu aliyefanya kazi hiyo katika utekaji wa CEC Future alialikwa Marekani mwaka 2011 kwa kisingizio cha mkutano wa elimu, akakamatwa alipotua, akashitakiwa Washington. Novemba 2013 jopo la raia waliosikiliza kesi likamwondolea hatia ya uharamia, na mashtaka yaliyobaki baadaye yakafutwa. Je, mtu anayelipwa kwa kupatanisha bei ya watu waliotekwa ni mhalifu, au ni yeye aliyewawezesha kurudi nyumbani wakiwa hai? Mahakama iligawanyika. Filamu yako nayo ina ruhusa ya kugawanyika.

Sasa wakubwa. Vijana wa boti ndio wanaoonekana kwenye picha na ndio wanaofungwa, lakini Benki ya Dunia ilipochunguza vikombozi vilivyolipwa kati ya 2005 na 2012, ilikadiria jumla ya dola milioni 339 hadi 413, na kwamba wafadhili wa shughuli walichukua asilimia 30 hadi 50. Kijana aliyepanda ngazi alipata kama dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli, tena humo wakikatwa deni la miraa na chakula walichokula wakati wa kusubiri. Fedha hizi ni nyingi mno kwa mvuvi wa Hobyo au Eyl, kwenye pwani ya Somalia. Lakini aliyebaki nchi kavu ndiye aliyetajirika.

Mmoja wa wakubwa hao, Mohamed Abdi Hassan ajulikanaye kama Afweyne, hakukamatwa na manowari. Ubelgiji ilikuwa ikimtafuta kwa utekaji wa meli ya Pompei wa Aprili 2009. Polisi wake wakajifanya watengenezaji wa filamu, wakamwambia wanataka kutengeneza picha kuhusu maisha yake baharini na kwamba watamhitaji awe mshauri. Akakubali, akapanda ndege, na tarehe 12 Oktoba 2013 akakamatwa uwanja wa ndege wa Brussels. Captain Phillips ilikuwa imeingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani siku iliyotangulia. Mwaka 2016 mahakama ya Bruges ikamfunga miaka 20. Siku zilezile dunia ilipokuwa ikimtazama haramia wa kuigiza, haramia tajiri halisi alinaswa kwa tamaa ya kuwa mhusika wa filamu. Ungeandika hivyo kwenye mswada wangekwambia umezidisha chumvi.

Utaulizwa pia kuhusu samaki. Vijana wengi wa Kisomali, mbele ya kamera na mbele ya mahakama, walisema walianza kwa kulinda bahari yao baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, meli za kigeni zikaja kufagia samaki bila ruhusa. Uvuvi huo haramu ulikuwepo, hilo si uongo. Lakini ukifika mwaka 2008, watekaji walikuwa wakienda mamia ya maili kuwinda meli za mafuta na za nafaka. Meli ya Sirius Star ilitekwa mbali upande wa kusini mashariki mwa Mombasa, ikiwa na mafuta ghafi ya Saudia. Hapo hakuna samaki anayelindwa. Mwandishi mzuri ataweka yote mawili ndani ya mtu mmoja: dhuluma aliyotendewa na dhuluma anayotenda, bila moja kufuta nyingine. Wasimulizi wavivu huchagua moja.

Jambo lililonifanya niandike kwa uchungu ni hili. Sinema ikishamzoesha mtazamaji kwamba haramia ni wa kupigwa risasi tu, wapo watu halisi wanaolipia. Februari 2012, nje ya pwani ya Kerala, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya Enrica Lexie waliifyatulia risasi mashua ya wavuvi wa Kihindi wakidhani ni maharamia. Wavuvi wawili walikufa. Shauri lilikokotwa kati ya nchi mbili hadi 2020, baraza la usuluhishi lilipoamua kwamba wanajeshi wale wana kinga ya kutoshitakiwa India, na kwamba Italia ilipe fidia. Mwaka huohuo wa 2012, kwingine katika Bahari ya Hindi, watu waliokuwa majini wakielea juu ya mabaki ya chombo chao walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine kutoka meli za uvuvi, huku mtu akirekodi. Video ilionekana mwaka 2014, kwenye simu iliyosahaulika ndani ya teksi huko Fiji. Ilisemwa kwamba ni maharamia. Tuseme walikuwa: mtu asiye na silaha aliyeshikilia ubao majini hana hukumu ya kifo kichwani pake. Mwaka 2021 mahakama ya Kaohsiung, Taiwan, ilimfunga nahodha aliyetoa amri miaka 26, ingawa rufaa ilikipunguza kifungo hicho. Miaka minane na zaidi, na kesi ilipatikana kwa sababu tu simu ilisahaulika.

Na mabaharia wenyewe. Hadithi ya nahodha Mmarekani ilikwisha kwa siku tano. Watu wa MV Iceberg 1, wakiwemo Wayemeni, Wahindi na Waghana, walishikiliwa tangu Machi 2010 hadi Desemba 2012, mwenye meli akiwa amewatelekeza. Watu wa Naham 3, meli ya uvuvi iliyokuwa na bendera ya Oman, walitekwa Machi 2012. Nahodha wao aliuawa siku ya kutekwa, wawili wakafa kwa maradhi, na 26 waliobaki, wa kutoka Kambodia, China, Indonesia, Ufilipino, Taiwan na Vietnam, wakaachiliwa Oktoba 2016. Karibu miaka mitano. Walisimulia kwamba walikula panya. Kwa wale ambao bendera ya meli ni ya nchi moja, mwenye meli wa nchi nyingine na wao ni maskini wa nchi ya tatu, hakuna anayeona kwamba ni wajibu wake kulipa wala kutuma askari. Hili ndilo swali kubwa la haki baharini, na kwa maoni yangu ni zito kuliko lile la haramia.

Basi mswada wako. Ningekushauri utekaji uupe dakika chache tu; watu wameshauona. Kusubiri kupe nafasi: mafuta ya jenereta yanavyopimwa, maji yanavyonuka, mtekaji kijana anavyomwomba baharia amfundishe kutumia jiko. Nyumbani weka mke na mama wanaokwenda ofisi ya wakala kila asubuhi na kuambiwa warudi kesho. Lugha iwe ya kweli: Kisomali kati ya watekaji, Kiingereza kibovu cha simu, na Kiswahili pale baharia na mtekaji watakapogundua kwamba mmoja wao aliwahi kuishi Mombasa au Kismayu. Usimfanye mwokozi awe manowari ikiwa habari yako ni ya mwaka 2005, kwa sababu operesheni ya Umoja wa Ulaya ya Atalanta ilianza Desemba 2008. Na ukitaka habari ya leo, ujue kwamba utekaji ulirudi: MV Ruen ilikamatwa Desemba 2023, na Machi 2024 wanamaji wa India wakawaokoa mabaharia 17 na kuwapeleka watuhumiwa 35 Mumbai kushitakiwa kwa sheria mpya ya nchi hiyo ya 2022.

Kisha mpe baharia wako sehemu ya pili ya filamu: miezi kadhaa baada ya kuachiliwa anaitwa kuwa shahidi. Anaingia kizimbani Shimo la Tewa, anaonyeshwa vijana, anaulizwa yupi. Mmoja wao alimpiga. Mwingine alimpa sigara. Wakili wa utetezi anasimama.

Hukumu za Mahakama ya Rufaa ya Kenya ziko wazi kusomwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta ile ya Oktoba 2012, ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Mohamud Mohammed Hashi na wenzake wanane, uisome yote kabla hujaandika tukio la mahakamani. Lugha yake si ngumu kama utakavyohofu, na hoja za pande zote mbili zimepangwa humo tayari kwa mwigizaji kuzisema.